Mgeni Akisema "I'm Dead": Kuelewa Tamathali za Semi za Kiingereza Hatua kwa Hatua

Msimu wa wageni ukikaribia, maswali huwa yaleyale. Wagumu wa Moshi, yaani wapagazi wa mlimani, wanaojiandaa kupanda ngazi wawe wasaidizi wa waongoza wageni wanayaleta, vijana wanaosomea utalii Arusha wanayaleta, na wanafunzi wa kidato cha nne wenye mtihani wa Literature nao hawako nyuma. "Mwalimu shikamoo, mgeni kasema miguu yake inamuua, nilitakiwa nifanye nini?" "Mwalimu, hii ni tashibiha au sitiari?" "Nimetafsiri neno moja moja na bado sijaambulia kitu." Kujibu vipandevipande kumenichosha, kwa hiyo naweka hapa mtiririko mzima. Mifano mingi ni ya mlimani na porini, maana huko ndiko Kiingereza kinakowalisha wengi wetu, ila mwanafunzi wa darasani naye atazitumia hatua hizihizi kwenye shairi.

Usianze kwa hofu. Ukisema fulani ana mkono wa birika, au kocha kapaki basi, unatumia tamathali bila hata kufikiria. Hiyo ya basi ilivuma kwa Kiingereza mwaka 2004, pale José Mourinho wa Chelsea alipowalalamikia Tottenham kwa kujilinda mchezo mzima katika sare ya 0–0. Leo watangazaji wetu wa mpira wanaitumia kila wiki, na hakuna msikilizaji anayeuliza basi lenyewe liko wapi.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

- Kiingereza cha kawaida cha kutosha. Kama "My legs hurt" bado inakupa shida, malizana na hiyo kwanza.
- Daftari dogo la kuingia mfukoni, na kalamu. Simu inafaa pia, ila mlimani baridi inamaliza chaji upesi.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Cambridge, Oxford na Longman zote zinasomeka bure mtandaoni. Zizoee alama zake: ukikuta "idiom" ujue ni nahau, "humorous" ni utani, "informal" ni maongezi ya kawaida yasiyo ya ofisini, "old-fashioned" ni msemo uliochakaa.
- Majina uliyofundishwa kwenye Kiswahili: tashibiha, sitiari, tashihisi, mubaalagha, kejeli, tafsida. Kama yamekutoka kichwani, yatarudi tukiendelea.

Hatua ya 1: Pima kwanza maana ya wazi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Ukisikia sentensi ya ajabu, jiulize: hili linaweza kuwa kweli kama lilivyosemwa, hapa tulipo, saa hii? Likiwezekana, lichukue hivyohivyo. Likigoma, ndipo uanze kutafuta tamathali.

Chukua "cold feet". Kwenye orodha za nahau utakuta kwamba "to get cold feet" ni kuingiwa na woga dakika za mwisho, kama bwana harusi anayetaka kughairi asubuhi ya ndoa. Sawa kabisa. Sasa uko kambi ya Barafu, Mlima Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, karibu saa sita usiku, watu wanajiandaa kwenda kileleni. Mgeni anatoka hemani na kusema, "I've got cold feet." Kijana aliyekariri orodha atamtia moyo: "Don't worry, you can do it!" Kumbe mwenzake anahitaji soksi nzito. Kwenye baridi ya pale, miguu iliyopoa ni jambo la kushughulikiwa kabla hamjaondoka, si la kupigiwa makofi.

Namna ya kujua ni kumwangalia. Anatazama viatu vyake au anatazama mlima? Anakanyagakanyaga chini ili damu itembee? Kama bado huna uhakika, uliza waziwazi: "Are your feet cold, or are you worried?" Hakuna mgeni atakayekasirika kwa swali hilo.

Kosa la kuepuka: aliyejifunza nahau juzi huziona kila mahali. "He kicked the bucket" ni kufa, ndiyo, lakini jikoni ambako ndoo ya maji imelala chini na mpishi msaidizi amelowa mpaka magotini, mtu kapiga ndoo teke. Hakuna msiba.

Hatua ya 2: Tafuta "like" na "as", lakini usiziamini upesi

Tashibiha ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu inakuja na kiungo chake. Kiswahili kina "kama" na "mithili ya". Kiingereza kina "like" na "as … as". "From here the porters look like ants": wagumu kwa mbali wanaonekana kama siafu. "This tent is as cold as a fridge": hema ni baridi kama friji. Umemaliza.

Tatizo ni kwamba "like" ina kazi nyingi. Katika "I like your boots" ni kupenda. Katika "It was, like, minus ten" ni kijazio tu, kama tunavyochomeka "yaani" kila baada ya maneno mawili. Wamarekani vijana wanaimwaga kila mahali. Na katika "He looks like his brother" kuna ulinganisho wa kweli, mtu na ndugu yake, kwa hiyo hapo pia hakuna tamathali. "As" nayo ni vilevile: "as soon as possible" na "she works as a cook" hazina tashibiha yoyote.

Kipimo ni kimoja: vitu viwili vinavyolinganishwa ni vya aina tofauti? Mtu na kaka yake, hapana. Mtu na siafu, ndiyo.

Kuna tashibiha zilizoganda ambazo kuzichambua ni kujichosha bure. "As cool as a cucumber" ni mtu mtulivu asiyebabaika. "As fit as a fiddle" ni mzima wa afya, ingawa "fiddle" ni ala ya muziki yenye nyuzi. Usiulize tango linahusianaje na utulivu. Kariri, songa mbele.

Hatua ya 3: Kwenye sitiari, andika vitu vitatu

Sitiari inaondoa kiungo. Haisemi kitu hiki ni kama kile. Inasema kitu hiki ndicho kile. Hapa ndipo daftari linapofanya kazi. Chora mistari mitatu:

Kinachozungumziwa: miguu.
Kinachofananishwa nacho: jeli.
Sifa iliyohamishwa: kutetemeka, kukosa nguvu.

Hiyo ni "My legs are jelly," sentensi utakayoisikia sana wageni wakishuka kuelekea Mweka. Ukitaka kuelewa vizuri zaidi, ongeza mstari wa nne: sifa ambazo hazikuhamishwa. Jeli ni tamu, ina rangi, inaliwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohusu miguu ya mgeni. Wanaoanza hukosea hapa kwa kubeba mzigo wote wa neno badala ya ile sifa moja. "I'm toast" haimaanishi mtu ana joto au ana njaa ya mkate. Mkate umeshapita kwenye moto, hauwezi kurudi ulivyokuwa. Mtu amekwisha, hana nguvu tena, au ameingia kwenye matatizo asiyoweza kutoka.

Mazoezi mazuri unayo nyumbani. Mlima wetu umejaa sitiari za Kiingereza zilizogeuka majina ya mahali. Uwanda mpana kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi unaitwa "the Saddle": tandiko la farasi limeinuka mbele na nyuma na kubonyea katikati. Karibu na kambi ya Horombo kuna "Zebra Rocks", miamba yenye michirizi myeusi na myeupe. Kilimanjaro yenyewe, mita 5,895, inaitwa "the roof of Africa". Zipitishe zote kwenye mistari yako mitatu.

Kisha pima hii. Njia ya Marangu inaitwa "the Coca-Cola route", na ya Machame inaitwa "the Whiskey route". Marangu ina mabanda ya kulala na njia yake haina miinuko mikali sana, ikaonekana nyepesi kama soda. Machame ni mahema na mwinuko wa kutoa jasho, ikapewa kinywaji kikali. Mgeni akija na hiyo sitiari kichwani, mrekebishe mapema. Anayepanda Marangu kwa siku 5 anaupa mwili muda mfupi wa kuzoea hewa nyepesi, na hapo soda inageuka kitu kingine kabisa. Sitiari ni maoni ya aliyeitunga, usiichukue kama kipimo cha ugumu.

Angalizo la wanyama. Sifa anayopewa mnyama inaamuliwa na wenye lugha, na wenye lugha hii wamekua na hadithi nyingine. Mgeni akimwambia mpishi wenu mzee "You're a wise old owl," asije akadhani ameitiwa mkosi. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Kwa Waingereza bundi ni mwenye hekima. Sungura wetu ni mjanja anayewazidi akili fisi na simba, ilhali kwao ujanja ni wa mbweha, "as sly as a fox", na sungura ni wa kupigwa bumbuwazi: "like a rabbit in the headlights" ni mtu aliyeganda kwa hofu. Mwoga kwetu ni kunguru, kwao ni kuku, "Don't be chicken." Andika ukurasa mzima wa wanyama kwenye daftari lako. Utaurudia sana.

Hatua ya 4: Maneno yote unayajua na sentensi huielewi? Hiyo ni nahau

"It's a piece of cake." "I'm a bit under the weather." "It cost an arm and a leg." Hakuna neno gumu humo, na bado tafsiri ya neno kwa neno inakupa keki, hali ya hewa na mkono uliokatwa. Maana zake ni: ni kazi rahisi, sijisikii vizuri, ilikuwa ghali mno.

Namna ya kuitafuta kwenye kamusi ina ufundi kidogo. Tuseme umesikia "He was pulling my leg." Ukiandika sentensi yote huenda usipate kitu. Fanya hivi:

a) Ondoa mtu. "My" iwe "someone's".
b) Rudisha kitenzi kwenye umbo lake la mwanzo. "Was pulling" iwe "pull".
c) Tafuta kilichobaki: "pull someone's leg". Sasa inatokea: kumtania mtu kwa kumdanganya jambo lisilo kweli.
d) Ikikosekana, fungua neno zito, yaani nomino, hapa ni "leg", kisha shuka chini kwenye sehemu ya nahau.

Programu za kutafsiri siku hizi zinazijua nahau nyingi maarufu, lakini mgeni akiibadilisha kidogo tu, au akiitumia kwa utani, inakurudishia mguu unaovutwa. Itumie mwisho, kuhakiki ulichokwisha kukisia.

Nahau moja ya kwenu Moshi: "hit the wall". Wakati wa Kilimanjaro Marathon utaisikia kwa wakimbiaji. Ni kuishiwa nguvu ghafla, hasa kilomita za mwisho, mwili ukagoma kabisa. Lakini mtu huyohuyo akiwa Barranco, chini ya ule ukuta wa mawe unaoitwa Barranco Wall, akauliza "When do we hit the wall?" anauliza saa ya kuanza kupanda. Rudi hatua ya 1.

Hatua ya 5: Kitu kikifanya kazi ya mtu

Tashihisi haina shida kubwa. "The mountain is shy today": mlima umejifunika mawingu. Hata sisi tunasema umejificha. "The wind is howling", upepo unavuma kwa kelele. "My phone died", simu imezima.

Kinachowachanganya wengi ni "she". Mgeni anaweza kuipiga Land Cruiser kofi la bodi mkiwa mmetoka salama kwenye tope na kusema "She did well, didn't she?" Usigeuke kumtafuta mama wa kikundi. Anasifia gari. Meli, magari na hata milima huitwa "she" na wanaoipenda.

Hatua ya 6: Mubaalagha, na ndugu yake wa kinyume

Hapa nitakaa, maana hapa mtu anaweza kuumia.

Mubaalagha ni kutia chumvi. "I could eat a horse": nina njaa sana. "I've told you a million times." "This bag weighs a ton." Wamarekani wanatia chumvi kwa mkono mzito, na mwenye njaa ya kawaida atasema "I'm starving," mwenye uchovu wa kawaida atasema "I'm dead." Mwanzoni utashtuka, kisha utazoea, kisha utaanza kuzipuuza. Hilo la mwisho ndilo baya.

Mtu anaposema "My head is killing me" mkiwa Horombo, ni kweli kwamba kichwa hakimuui. Lakini kichwa kinamuuma, na kuumwa kichwa mwinukoni ni dalili ya kwanza ya kuumwa mlima, yaani ugonjwa wa mwili usiozoea hewa nyepesi. Kanuni ninayowapa vijana ni hii: toa chumvi, bakiza kiungo cha mwili. "My head is splitting": futa "splitting", bakia na "head". "My lungs are on fire": futa moto, bakia na mapafu. Kisha uliza swali lisilo na tamathali ndani yake: "From 0 to 10, how bad is the pain?" Namba haina chumvi nyingi. "Did you eat? Did you vomit? Can you walk in a straight line for me, heel to toe?" Mtu anayeyumba akitembea mstari ulionyooka, au anayeongea vitu visivyoeleweka, huyo ametoka kwenye somo la lugha. Mwite kiongozi wako papo hapo, na hakuna kupanda zaidi.

Kuna semi zinazofanana na mubaalagha na huenda zikawa ukweli mtupu. "The tent is spinning." "I'm seeing double." Ukiwa mjini, mtu amekunywa bia nyingi. Ukiwa juu ya mita 4,000, chukulia ni kweli mpaka ithibitike vinginevyo.

Sasa ndugu yake wa kinyume: kupunguza. Huyu ni hatari zaidi kwa sababu hapigi kelele, na mabingwa wake ni Waingereza. "It's a bit breezy," anasema, huku upepo unang'oa vigingi vya hema. "Not bad" yake ni nzuri sana. "Interesting," akisema juu ya chakula, mara nyingi hataki kuongezewa. Na ile ninayotaka uiandike kwa herufi kubwa: "I'm not feeling too clever." Haina uhusiano wowote na akili wala darasa. Ni kwamba anaumwa, na anaona haya kusema. Vivyo hivyo "I've been better", "I feel a bit rough", "I'm a little wobbly".

Kwa hiyo fanya marekebisho mawili kichwani. Mwenye kawaida ya kukuza, punguza. Mwenye kawaida ya kupunguza, ongeza. Utajuaje ni yupi? Msikilize siku ya kwanza, wakati hakuna tatizo lolote. Mtu aliyeita supu ya maboga ya kambi ya kwanza "the best soup in the history of the world" ameshajitambulisha. Aliyesema "quite nice, thank you" naye pia. Tena hiyo "quite" ina mtego wake: Mmarekani akisema "quite good" anasifia, Mwingereza mara nyingi anamaanisha nzuri kiasi, si haba.

Hatua ya 7: Kejeli, sikiliza sauti

Mko eneo la pikiniki ndani ya Tarangire, siku ya tatu ya safari. Lanchi boksi zinafunguliwa: kipande cha kuku, yai la kuchemsha, ndizi, keki, juisi ya pakiti. Vilevile kama jana, vilevile kama juzi. Bwana mmoja anakiinua kipande cha kuku kwa vidole viwili, anakigeuza, anasema taratibu bila kutabasamu: "Chicken. What a surprise." Dereva mgeni kazini anaitikia kwa bashasha: "You're welcome!" Meza nzima inacheka.

Dalili za kejeli ni tatu na kwa kawaida zinakuja pamoja. Neno zuri limesemwa kwenye hali mbaya ("Lovely weather" mvua ikinyesha, "Oh, great" tairi likipasuka). Sauti inashuka au neno linavutwa: "Lo-o-vely." Uso haulingani na neno. Ukiona mbili kati ya hizo, geuza maana iwe kinyume.

Jibu linalofaa si kujitetea wala kushukuru. Cheka kidogo, kisha shughulikia kilicho nyuma ya kejeli: "Tomorrow I'll ask the kitchen for something else." Wewe usiitumie kwa mgeni hata siku moja, angalau mpaka mfahamiane. Kejeli ya mhudumu inasikika kama kiburi.

Kwenye maandishi hakuna sauti ya kusikiliza. Msomaji wa fasihi aangalie kama sifa inayotolewa inapingana na matendo yaliyosimuliwa. Mwandishi akimwita mtu "our generous chief" baada ya kurasa tatu za chifu kunyang'anya watu ng'ombe, hiyo ni kejeli.

Hatua ya 8: Tafsida na majina ya kuazima

Hizi mbili nazipitia haraka. Tafsida ni kulainisha. Sisi tunasimamisha basi "kuchimba dawa". Madereva wa safari na wageni wao husema "check the tyres", na kama umesimama karibu na tairi ukaanza kulipima upepo, umewanyima watu faragha yao. "Nature calls" na "use the bathroom" ni haja hiyohiyo, hata pasipo na bafu. "He passed away" ni kufariki. "I'm between jobs" ni kukosa kazi. Usiulize ni kati ya kazi gani na gani.

Majina ya kuazima, ambayo kwenye Kiswahili utayakuta chini ya taashira, ni kutaja mahali au kifaa badala ya watu. Ukisikia "Msimbazi wametoa tamko" unajua ni Simba, na "Jangwani" unajua ni Yanga. Basi "Downing Street" ni ofisi ya waziri mkuu wa Uingereza, "the White House" ni urais wa Marekani, na "we need more hands" ni kwamba watu hawatoshi.

Hatua ya 9: Weka daftarini kwa hali, si kwa alfabeti

Orodha ya nahau kuanzia A mpaka Z haisaidii kitu ukiwa kazini. Gawa kurasa kwa hali: mwili na ugonjwa, hali ya hewa, chakula, fedha, malalamiko, sifa. Kila msemo uandike na sentensi nzima uliyoisikia, nani alisema na walikuwa wapi, kisha maana kwa Kiswahili. Msemo bila sentensi yake ni kama namba ya simu isiyo na jina.

Jioni chagua michache tu, itungie sentensi zako mwenyewe, mwombe mwenzako akuulize. Misemo ya mwili na ugonjwa iwe ya kwanza kwa wagumu na wasaidizi. Mengine yatasubiri.

Ukikwama

*Nimepita hatua zote na bado sielewi.* Uliza. "What do you mean by that?" husikika kali kidogo, laini zaidi ni "I haven't heard that one before. What does it mean?" Wageni wengi hufurahi kueleza, na hapo unapata na hadithi ya bure.

*Kamusi haina msemo wenyewe.* Huenda mtu kautunga papo hapo. Rudi kwenye mistari mitatu ya hatua ya 3. Au umeusikia vibaya. Mwombe arudie taratibu na uandike kama ulivyosikia.

*Sitiari na nahau nazichanganya.* Sitiari mpya unaweza kuikisia ukifikiri kidogo. Nahau huwezi, ni mpaka uambiwe. Nyingi zilianza kama sitiari zikaganda, kwa hiyo mipaka yake si ya rula, na mtihani hautakuuliza mipaka.

*Kwenye mtihani nataja tamathali sahihi na bado sipati alama zote.* Jina peke yake ni nusu ya jibu. Taja tamathali, nukuu maneno yenyewe, kisha eleza sifa iliyohamishwa na inamfanya msomaji aone nini. Mistari yako mitatu ndiyo jibu lenyewe; igeuze iwe sentensi.

*Mgeni anaongea haraka, tamathali mbili tatu kwa sentensi moja.* Kamata kitenzi kikuu na kiungo cha mwili au kitu kinachotajwa, mengine yaache yapite. Kisha rudia kwa maneno mepesi: "So you are tired and you want to stop here?" Atakubali au atasahihisha.

*Nikitumia nahau mimi, wanacheka.* Mara nyingi ni kwa sababu umebadilisha neno. Nahau haibadilishwi: ni "a piece of cake", haiwi "a piece of bread", na ni "raining cats and dogs", mbwa hawatangulii. Sababu ya pili ni kwamba msemo wenyewe umezeeka. Hiyo ya paka na mbwa inapendwa sana na vitabu vya shule kuliko watu wenyewe. Mvua ikinyesha sana mkiwa Machame, "It's pouring" inatosha.